Finjani ya Feliksi

Mwanakombo binti Gharib alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, na tangu hapo hakuwahi kungoja kitu. Chai aliinywa ikiwa bado inatokota. Akianika dagaa pale Katonga, ufukweni Kigoma, aliwageuza kabla jua halijawashika, kisha akawagombeza kwa kuchelewa kukauka. Harusini alipiga kigelegele wakati shehe bado anamuuliza bwana harusi kama amekubali, na kigelegele chake hakikuwa cha kuchezea, kilipasua hewa. Akina mama wa Rusimbi, mtaani kwake, walikuwa wakisema kwamba ukitaka habari yako ienee huna haja ya redio, mfurahishe tu Mama Yusra. Huyo Yusra alikuwa binti yake wa pekee, ameolewa Tabora, na nyumbani walikuwa wamebaki wawili: Mwanakombo na mumewe Hamdani, fundi cherehani, mtu mpole ambaye kutunga uzi kwenye sindano tu kulimchukua muda ambao mafundi wengine wanashona suruali.

Sasa mtu wa namna hiyo, asiyejua kungoja, ndiye aliyepewa Feliksi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, wakati maboti yalikuwa yakiingia kutoka Burundi na Kongo karibu kila asubuhi, yamejaa watu, magodoro, masufuria na mbuzi. Siku moja boti la kutoka upande wa Rumonge lilipanda mchangani karibu kabisa na vichanja vya Mwanakombo. Akashuka mwanamke kijana aliyekuwa akikohoa hata kusimama hawezi, na mtoto mgongoni. Jina lake Eufrasia. Mwanakombo aliacha dagaa wake kama walivyo, akaagiza maji, akaagiza kanga, akafukuza watu wapishe, akamsindikiza mgonjwa hospitali huku mtoto kambeba yeye. Daktari aliposema ni kifua kikuu na mtoto asilale naye, Eufrasia aliyatazama macho yote yaliyokuwa pale, akachagua ya yule mwanamke aliyepiga kelele kuliko wote. Akamwachia mtoto na furushi dogo, akamwambia kwa Kiswahili chake kizito kwamba anaitwa Feliksi, na chakula kinamshinda.

Nyumbani Mwanakombo alilifungua furushi. Mlikuwa na vinguo, chupa ya maziwa yenye chuchu ya mpira iliyotanuka tundu, na mrija wa unyasi mkavu, mrefu kama mkono, umeiva rangi ya kahawia kwa kutumika. Mrija huo aliujua. Waha na Warundi hukaa kuuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja akavuta kwa zamu. Mrija wa pombe ndani ya nyumba ya binti Gharib! Lakini amana ni amana, hawezi kuitupa. Aliushika kwa kipande cha gazeti, akauchomeka juu kwenye paa la jiko la nje, akaenda kunawa mikono, na baada ya kunawa akanawa tena.

Feliksi alikuwa amefikia umri wa kukimbia na kuiba sukari, ila hakuwa na nguvu za kufanya lolote kati ya hayo. Alijua chupa tu. Anainywa amelala chali, macho kayafumba. Ukimpelekea kijiko, anageuza uso ukutani. Ukimpelekea kikombe anapaliwa, maziwa yanatokea puani, anageuka rangi mpaka roho inakutoka wewe unayemnywesha. Mwanakombo akawa anachemsha chupa ile asubuhi na jioni, anaijaza, anampa, na akimwona anavyoikumbatia anasema moyoni, basi, anywe chupa mpaka aoe.

Mambo hayakumwacha astarehe hivyo. Eufrasia alipoanza kupata nafuu na dawa kumkubali, alihamishiwa kambini, huko juu njia ya Kasulu, na Nesi Regina wa kliniki ya watoto akamwita Mwanakombo amweleze hali ilivyo. Kambini chupa za maziwa hazikubaliwi. Maji ni ya foleni, kuni ni za shida, kipindupindu kimeingia, na mtoto wa chupa isiyochemshwa hadumu. Eufrasia angepewa kibali cha kutoka kambini masika yakiisha, aje na lori amchukue mwanawe. Akimkuta anakunywa kwa kikombe, wanaondoka wote. Akimkuta bado anang'ang'ania chupa, atamwacha, na kibali kingine hakuna aliyeweza kusema kitatoka lini, wala wakimbizi watakuwa wamehamishiwa wapi.

Mwanakombo alirudi nyumbani mbio mbio. Bila kikombe mtoto huyu hana mama: ndivyo alivyoelewa, na hakukosea. Na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la haraka, alilifanya kwa njia ya haraka kuliko zote, njia aliyolelewa nayo yeye, aliyomlea nayo Yusra, na nyanya zao wote. Alimlaza Feliksi mapajani, akamkingia kiganja kidevuni kama mfereji, akamimina uji. Mtoto akifungua mdomo kulia, uji unaingia wenyewe. Kwa Yusra ulikuwa unaingia.

Kwa Feliksi uliingia kusikotakiwa. Alipaliwa mpaka sauti ikakatika, midomo ikawa ya bluu, na Mwanakombo akamwinamisha akampiga mgongoni huku anasoma kila dua anayoijua. Pumzi ilirudi. Lakini kuanzia siku hiyo mtoto akiuona tu mkono wa Mwanakombo unakuja usoni kwake alibana midomo, hata kama mkono ule umeshika chupa, na kwa siku kadhaa ilibidi Hamdani ndiye amnyweshe. Mwanakombo alikuwa anakaa mlangoni anawatazama. Iliuma.

Nesi Regina hakumfokea. Alimwambia amkalishe mtoto wima, asimlaze. Uji uwe mzito kidogo, usitiririke. Kikombe kijazwe mpaka ukingoni, kwa sababu kikiwa nusu itabidi mtoto ainue kidevu, na akiinua kidevu ndipo anapopaliwa. Halafu amngoje.

"Nimngoje?" Mwanakombo aliuliza, kama ameandikiwa dawa isiyouzwa Kigoma.

Kikombe cha bati kilichojaa mpaka ukingoni kilimwagikia mkeka, kikamwagikia gauni, kikamwagikia paka. Hamdani akatazama, akafikiri kwa muda wake wa kawaida, kisha akaenda kwenye birika lake la kahawa akaleta finjani. Kitu kidogo hicho, hakina mkono, kinajaa kwa uji wa vijiko vichache na kinatosha kwenye viganja vya mtoto. Feliksi aliipenda tangu mwanzo. Aliigonga sakafuni, akaisikiliza, akaigonga tena. Ila ikifika karibu na mdomo anaisukuma. Mvua zikaanza kunyesha kwa kupishana siku, udongo wa Rusimbi ukaanza kukauka juu juu, na finjani ilikuwa bado ngoma.

Hapo ndipo Melania, jirani wa nyumba ya pili, Mha wa kule Heru, alipoingia jikoni kuomba moto. Alipoinama kuchukua kaa, akainua macho, akauona ule mrija darini. Akauliza wa nani. Mwanakombo akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni ule wa pombe, umekuja na mtoto, ameuweka mbali.

Melania alicheka mpaka kaa likamponyoka. "Mama Yusra, mtoto anajua kunyonya tu, hajui kingine. Halafu kitu cha kunyonya wewe umekificha darini?"

Alieleza kwamba kwao wazee wasio na meno na wagonjwa wasioweza kuinua kichwa walinyweshwa togwa kwa mrija, na watoto vilevile, wala mrija hauna dini. Mwanakombo alisita. Aliuchemsha mrija kwenye sufuria, akayamwaga maji, akauchemsha tena, na alipoona hakuna harufu iliyobaki ila ya unyasi, akampa Melania.

Melania alimkalisha Feliksi wima, mgongo kwenye tumbo lake. Alichovya mrija kwenye uji, akaziba tundu la juu kwa kidole, akautoa, na uji ukabaki ndani umenaswa. Akaugusisha kwenye mdomo wa chini wa mtoto, akaachia kidole. Likadondoka tone. Feliksi akalilamba. Melania akarudia, na safari hii mtoto aliukamata mrija kwa midomo yake mwenyewe. Kisha Melania akaishusha ncha ya pili kwenye finjani, bila kuziba kitu.

"Buhoro, mwana wanje," alimwambia. Pole pole, mwanangu.

Mashavu ya Feliksi yakabonyea. Uji ukapanda. Ulimfika mdomoni, akaumeza, akafungua macho yote mawili kumtazama Mwanakombo kana kwamba ndiye aliyeuficha uji huo siku zote. Akavuta tena. Akameza tena.

Sasa mwambie Mwanakombo anyamaze. Alitupa mwiko, akashika kiuno, akapiga kigelegele kilichofanya kuku wakimbilie uchochoroni. Feliksi alishtuka, akavuta pumzi na uji pamoja, akapaliwa, akarusha mrija, akalia mpaka jasho likamtoka. Melania akamfuta mtoto pua, akamgeukia mwenzake, akamwambia kwamba mdomo wake huo ndio utakaomnyima mtoto mama.

Mwanakombo akatoka nje. Alilia upenuni kwa mara ya kwanza tangu Yusra aolewe, na alipomaliza kulia alipitisha sheria: nyumba ile haina kigelegele, haina kofi, haina hata "mashallah" ya sauti, mpaka mtoto awe ameweka finjani chini. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alijua hawezi kujiamini, akawa anauma pindo la kanga yake kila Feliksi anapokula. Habari zikaenea, na majirani wakaanza kuja kutazama. Ungewaona! Akina mama wa Rusimbi, watu ambao sherehe bila kelele kwao ni pilau bila viungo, wamekaa mkekani wameuma kanga, macho yamewatoka, wanatikisana mabega mtoto akimeza. Feliksi akarudi kwenye mrija. Akanywa finjani nzima, akanywa na ya pili, na mwili wake ukaanza kuwa na uzito wa mtoto.

Chupa ilikaa siku ya kwanza bila kuuliziwa. Ikakaa ya pili. Mwanakombo akaijaza mawese akaiweka kabatini, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wa mwari.

Lakini mrija si kikombe. Nesi Regina alifurahi sana, kisha akakumbusha kwamba mrija nao una ndani, na ndani ya mrija hakuoshwi vizuri kwa maji ya foleni. Melania akasema mbona dawa yake rahisi, mrija ukatwe. Ukiwa mfupi, uso wa mtoto utasogea kwenye finjani bila yeye kujua. Leo unakatwa kidogo, akizoea unakatwa tena, mpaka midomo iguse ukingo.

Kukata! Mwanakombo alikaa na neno hilo kutwa nzima. Mrija haukuwa wake. Mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni, akaacha nyumba, akaacha mashamba ya michikichi na nguo zake zote, aliona mrija huu unastahili nafasi kwenye furushi. Hakuuchukua bure. Jioni alimwuliza Hamdani watamjibu nini mwenyewe akija kuuliza amana yake.

Hamdani alikuwa anatafuta wembe kwenye droo ya cherehani. "Tutamwonyesha mtoto," alisema.

Akaukata yeye, kwa mkono wake usio na papara, akaulainisha ncha kwa kipande cha msasa. Siku ya kwanza Feliksi aliutazama mrija kwa mashaka, kisha akainamisha kichwa kidogo, akavuta. Ukakatwa tena. Kila ulipokatwa Mwanakombo alijificha nyuma ya mlango asione, na kila mtoto alipokubali alitoka anaruka ruka kimya kimya uani kama mtu aliyekanyaga siafu. Jirani mmoja alimwuliza Melania kama Mama Yusra amepandwa na mashetani. Melania akamwambia hapana, amefurahi tu.

Ikafika siku mrija ulipotumbukia wote ndani. Ulikuwa mfupi kuliko kimo cha finjani, na Feliksi, akiutafuta, alitia pua ndani na mdomo wake wa chini ukakaa juu ya ukingo. Nusu ya uji alivuta, nusu ulimwingia wenyewe, na hakupaliwa. Kanga ya Mwanakombo ilichanika pindo siku hiyo.

Hatua moja ilikuwa imebaki, nayo ilikataa. Mrija ukitolewa, hata kama alikuwa hauvuti tena, hata kama umekuwa kipande cha kidole tu kinachoelea kwenye uji, Feliksi alichungulia finjani, akaona haupo, akaisukuma. Walijaribu asubuhi, wakajaribu akiwa na njaa, wakajaribu kwa asali. Hataki. Masika yakaisha kabisa. Vumbi likaanza kuruka barabarani, na honi ya lori ikalia.

Eufrasia alishuka akiwa mtu mwingine. Mashavu yamejaa, sauti imerudi, kitambaa kipya kichwani. Nesi Regina alikuwa naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyetakiwa kuona kwa macho yake kama mtoto anakunywa. Dereva aliacha injini inanguruma. Feliksi alimtazama mama yake, hakumjua, akajificha nyuma ya gauni la Mwanakombo. Eufrasia aliona, hakulazimisha. Akakaa mkekani. Akawasalimia wenyeji wake mmoja mmoja, akamshukuru Mwanakombo kwa maneno marefu ya kwao, na ndipo jicho lake likatua kwenye finjani iliyokuwa imeandaliwa, na kile kipande cha kahawia kinachoelea ndani yake.

Uso wake ulibadilika. Mwanakombo alianza kusema kabla hajaulizwa, maneno yakagongana: kwamba yeye ndiye aliyekubali ukatwe kwa wembe, kwamba alidhani ni wa pombe akauweka darini, kwamba mtoto asingeweza bila huo, kwamba anajua ilikuwa amana na hana la kulipa.

Eufrasia alimsubiri amalize. Kisha akasema mrija ule ulikuwa wa baba yake. Wanaume wa kilima chao wote walikuwa wamekunywa nao, na siku watu walipokuja na mapanga, wale waliokunywa nao ndio waliomficha yeye na mtoto mpaka boti likapatikana. Baba yake hakutoka. Eufrasia aliuchomoa ukutani akipita mlangoni.

Mwanakombo alitamani ardhi impokee.

Eufrasia aliichukua finjani. Akakiweka sawa kile kipande kwa vidole, akainama, akavuta uji funda moja. Kisha akamwelekezea Mwanakombo finjani, mrija umo ndani yake vilevile, haujafutwa. "Umuheha wetu, mrija huu, haukatiki kwa wembe," alisema. "Kwetu, mliyekunywa naye mrija mmoja si mtu baki. Kunywa, mama."

Majirani walitazamana, maana wote walijua habari ya gazeti na kunawa mikono. Mwanakombo hakutazama mtu. Akainama mpaka pua ikaingia kwenye uji, akaukamata ule mrija wa pombe kwa midomo yake, akavuta.

Feliksi alichungulia kutoka nyuma ya gauni. Alichokiona kilimkera kupita kiasi. Wanawake wawili wazima wanakunywa uji wake, kwenye finjani yake. Alitoka, akapita kati yao kwa ghadhabu, akaishika finjani kwa mikono yote miwili na kuivuta. Ikatoka mikononi mwa Mwanakombo. Mrija ukabaki mdomoni mwake.

Mtoto akachungulia ndani. Mrija haumo.

Mwanakombo aliuona mdomo ule mdogo unataka kukunjamana, akajua sasa hivi ataisukuma. Hakunyoosha mkono. Alikaa na kipande cha unyasi kati ya midomo, akangoja, na pale mkekani akina mama wote walitia pindo za kanga mdomoni kwa mara moja.

Feliksi alimtazama Mwanakombo. Akamtazama yule mgeni. Kisha, kabla mmojawapo hajawahi kumnyang'anya tena, aliinamisha uso, akaweka midomo ukingoni, akanywa. Koo lilipanda, likashuka. Alipumzika, akapumua, akarudi. Alikunywa mpaka finjani ikamfunika pua, akailamba kwa ulimi kuhakikisha, na alipoitoa alikuwa na masharubu ya uji. Akatafuta wa kumpa. Mkono wa Eufrasia ndio uliokuwa karibu, umefunguka, hauombi. Akamkabidhi mama yake finjani tupu.

Hapo Mwanakombo akautoa mrija mdomoni.

Hamdani alikuwa kwenye cherehani yake, mwisho wa mtaa, anashona sare ya shule, na hakuwa amekwenda kushuhudia kwa sababu alijua moyo wake. Alikisikia kigelegele kile juu ya honi na juu ya injini ya lori, kirefu, kilichokuwa kimezuiliwa masika mazima, na karibu na mwisho wake kikapasuka. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, akayajua yote mawili kwa pamoja: mtoto amekunywa, na mtoto anaondoka.